Msamaha Aliodai Dalmas

Dalmas alikuwa mpishi Loresho, mtaa wa matajiri wa Nairobi. Kila Jumapili baada ya kanisa alishuka Kangemi, mtaa wetu, kucheza drafti nasi nje ya bucha ya Wainaina. Chesi alifundishwa na mzee wa nyumba aliyoipikia, naye akamfundisha Wainaina, bingwa wetu wa drafti. Mwaka wa 1969, wakicheza chesi, Wainaina alisogeza kete, akaona amekosea, akairudisha. Dalmas akamwita mwizi mbele ya wateja. Wainaina akamvunja meno mawili kwa mpini wa shoka la nyama.

Hakuna aliyekimbilia polisi. Wazee walimtaka Wainaina aombe msamaha, naye akaapa: "Siku akinishinda, nitaomba mbele ya watu." Enzi hizo kiapo kilimfunga mtu. Leo watu huapa kama wanaopiga chafya.

Kwa miaka mitatu Dalmas hakumkaribia, alijifunza tu. Kisha wakapangwa pamoja katika mashindano ya chesi, kwenye ukumbi mmoja mjini.

Dalmas alianza kwa kumtolea askari aliyemlinda mfalme wake mwenyewe. Wainaina akala. Akamtolea farasi. Akala tena. Dalmas alimjua mtu wake: katika drafti yetu, ukiacha kula, kete yako huondolewa, na mkono wa Wainaina ulilelewa na sheria hiyo.

"Kula, mwenye bucha," Dalmas akanong'ona. "Nyama si ni yako?"

"Nitakung'oa hata hayo meno yamebaki."

"Kula kwanza."

Wainaina akala askofu, safari hii kwa mfalme wake mwenyewe, na mfalme akabaki uchi katikati ya ubao. Malkia wa Dalmas akamshukia. Akamkimbiza kama mwizi wa sokoni, kipigo juu ya kipigo, hadi akakosa pa kukanyaga.

Wainaina aliutazama ubao. Kisha akaupindua, akamrukia Dalmas na kumpiga kichwa usoni. Pua ikapasuka, damu ikatapakaa mezani. Tulimkaba shingo na mikono. Msimamizi akapiga kelele polisi waitwe.

"Hapana," Dalmas akasema, angali kitini. "Mwacheni. Ako na neno langu, lile aliloapa."

Tukamwachilia. Mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyemzuia, lakini hakutoka. Alisimama akihema kama fahali aliyechinjwa nusu.

"Nisamehe, Dalmas."

Dalmas akatema damu. "Sijasikia. Hata wale wa nyuma hawajasikia."

Wainaina akawageukia watu, akalirudia neno hilo kwa sauti.