Wamemtubisha Maiti

Msomaji wetu wa Juma Kuu amekufa. Wengi wenu hapa Likasi mlimjua kwa sauti tu: yule mzee mwembamba, fundi wa pampu, aliyesimama miaka mingi mbele ya kanisa kusoma masomo, na hata wale wa nyuma kabisa, wanaokuja kuangalia viatu vya wenzao, walinyamaza. Alifia hospitalini Jumatatu mchana. Mke wake alikuwa ametoka kutafuta maji, maana bomba la pale lilikuwa kavu, na kando ya kitanda nilibaki mimi peke yangu. Ninalisema hili mapema, tena kwa nguvu, kwa sababu tangu siku ile nimekutana na mashahidi wengi mno wa kifo ambacho hakuna mwingine aliyekiona.

Tulijuana kwa kazi. Mimi sikusoma, shule yangu iliishia darasa la tatu, nikaenda kusukuma toroli ya mawe mgodini Kamatanda, na leo nina depo yangu ya saruji na nyumba ya matofali ya kuchoma. Hakuna mtu wa kunijia aseme alinishika mkono. Yeye alikuja kutengeneza pampu ya kisima changu, tukagombana siku nzima, kisha tukawa tunatembeleana ili tuendelee kugombana. Aliniona mbishi, nami nilimwona mbishi zaidi.

Kilichomtoa kanisani ni kazi yake ya kusoma. Mnajua Juma Kuu lilivyo kwetu. Jumapili ya Matawi inasomwa habari ya mateso kwa mkono wa mwandishi mmoja, na Ijumaa Kuu inasomwa tena, kwa mkono wa mwandishi mwingine. Yeye ndiye aliyesimulia siku zote mbili. Mwaka mmoja akakwama katikati ya somo la Ijumaa, watu wakadhani amekosa miwani. Baadaye aliniambia: "Vieux, mzee wangu, miaka yote hii nilikuwa nasoma na mudomo. Ile siku njo nilisoma na masikio." Jumapili Yesu alikuwa amekufa akilia kwamba Mungu wake amemwacha. Ijumaa, kwa mdomo uleule wa msomaji yuleyule, akafa kwa utulivu, kama mtu aliyemaliza kazi yake.

Akamfuata padiri kule wanakovulia kanzu, akamwuliza mbele ya watu: "Mon père, mwisho kabisa alisema gani? Alilia ao alimaliza?" Padiri, kijana aliyeweza kuwa mjukuu wake, akamjibu: "Papa, hata shetani anajua kusoma." Watu wakacheka. Jumapili iliyofuata mtu mwingine alisimama kusoma. Na lile shirika la mtaa wetu, jumuiya inayosali nyumba kwa nyumba, likaanza kuruka nyumba yake, kama watoto wanavyoruka dimbwi. Nasikia mapadri wana vitabu vinene vinavyojibu swali lile. Vizuri. Mbona hakuna hata kimoja kilichofunguliwa? Fundi akiniletea pampu isiyosukuma maji, nikimwuliza kwa nini, akinijibu kwamba nina shetani, nitamfukuza uani kwangu. Lakini kwa habari ya Mungu tunapiga makofi!

Wala msifikiri alifurahia kutoamini. Siku moja nilimtania: "Weye sasa umekuwa mupagani, utalala Jumapili mpaka saa sita." Hakucheka. Akasema: "Minye niko na batoto babili katika kaburi. Nataka hii maneno ikuwe kweli kupita padiri. Lakini kama hawakushika vizuri neno la mwisho, ile ya kusema tutaonana, nitaishika na nini?" Sikumtania tena. Nami, kama mnavyonijua, siachi utani bure.

Sasa njooni matangani. Usiku wa kuamkia maziko, wakubwa wa shirika, waliopita mlangoni pake bila salamu, wamekaa viti vya mbele. Ukafika wakati wa ushuhuda. Mama mmoja akasema marehemu aliomba rozari, akaibusu. Akasimama mwingine, akasema hapana, alilia machozi, akamwita padiri aungame. Kisha katekista, kwa sauti ya kutetemeka, akatangaza kwamba mzee alijipiga kifua na kutamka: "Bwana, nilipotea, nimerudi." Watu wakasema amina. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Si kweli, ndugu zangu. Akiimba njiani anafika mbali.

Nikasimama. "Ni nani kati yenu alikuwa pale?" Katekista akainamisha kichwa. "Minye nilikuwa pale. Hakuomba rozari, hakulia, hakurudi. Hakutukana Mungu vilevile. Alichosema…" Hapo mjane akanivuta shati, akaninong'oneza kwa ukali: "Shemeji, ikala! Kesho hawa wasipokuja, nani atamuzika bwana yangu? Weye na toroli yako?" Na kwaya ikapasua wimbo juu ya kichwa changu. Nikakaa. Mimi, ambaye hakuna mkubwa wa mgodi aliyewahi kuniketisha, nikaketishwa na mwanamke aliyekuwa na haki.

Nilikaa pale nikiwaka. Mtu amekufa juzi. Mtaa mmoja, lugha moja, shahidi yu hai na ana koo la kupiga kelele, na tayari amekwisha kufa vifo vitatu, kila kimoja kitamu kuliko kile alichokufa. Na wale mashahidi hawakuwa watu wabaya! Mama wa rozari alikuwa analia kweli. Kila mmoja alimpa marehemu mwisho ambao yeye mwenyewe angeutamani. Ndipo swali la rafiki yangu likaja kukaa kando yangu. Kama sisi tumefanya hivi kwa siku mbili, wale wa zamani, waliobeba maneno mdomoni kabla ya mtu kuyaandika, walifanyaje? Sijui. Nimelala nalo, nimeamka nalo, na bado ninakwenda misani. Lakini siendi tena kwa usingizi.

Walimzika vizuri, kwa uvumba na nyimbo, kama kondoo aliyepatikana. Siku chache baadaye mjane akaja depo, akasubiri wateja waondoke. "Sasa tuko sisi wawili," akasema. "Alisema gani?"

Nikamwambia. Jumatatu ile nilimletea mume wake hospitalini maharagi yaliyopikwa na mke wangu. Akaonja kijiko kimoja, akakirudisha, akasema: "Ambia bibi yako, hii maharagi ni mabichi. Anataka kumaliza kazi ya ugonjwa?" Kisha akageukia ukuta, akakata roho.

Mjane alicheka akishikilia mifuko ya saruji, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio. Alipofuta uso akasema: "Njo yeye, ni yeye kabisa. Ule wa katekista, minye sikumujua ule muntu. Nililia muntu sikumujua." Nikamwuliza kama niliandike jambo hili au niliache. Akafunga kitambaa chake vizuri. "Andika. Amekwisha kuzikwa, hawatamufukula."

Basi nimeandika. Mwanamke aliyelala na mume wake maisha yote amelazimika kuwa na waume wawili waliokufa, mmoja wa kuonyesha shirika, mwingine wa kulilia depo kwangu, eti ili Mungu atukuzwe. Kama Mungu yuko, nami bado ninapiga magoti nikitumaini yuko, haombi msaada wa uongo wetu. Kama hayuko, uongo hautamleta. Mtu akiuliza, mjibuni angali anasikia. Na kama jibu hamna, semeni hamna. Sijawahi kuona mtu aliyekufa kwa kusikia padiri akisema, "Mzee wangu, hata mimi sijui."