Binti Yangu Haringi

Niliitumikia idara ya afya wilayani Meru mpaka nikastaafu, na sina desturi ya kusema nisilolijua. Kwa hiyo naomba jambo hili liwekwe sawa: binti yangu haringi.

Alikuwa mtoto mchanga mwenye kikohozi kisichokoma, nami nilikuwa nimetumwa kikazi upande wa Embu. Mama mkwe wangu, mcha Mungu asiyekosa kanisani, alimbeba hadi kwa mkata vilimi wa Mikinduri. Kwetu, mtoto akikohoa sana hulaumiwa kilimi, kile kinyama kinachoning'inia mlangoni mwa koo. Husemwa kimerefuka, kisha hukatwa. Mzee yule alikikata, na kisu hakikuishia hapo. Niliporudi, maziwa yalikuwa yakimtoka mtoto puani.

Daktari wa pua na koo alinieleza akiwa amefunua kinywa chake mwenyewe. Sehemu ya mbele ya kaakaa ni mfupa. Ya nyuma ni laini, imefumwa kwa misuli. Kuna misuli inayoiinua na mingine inayoikaza, ili tunapomeza au kusema iguse ukuta wa koo na kuifunga njia ya puani. Kaakaa la binti yangu lilikuwa limebaki fupi, limekakamaa kwa kovu, wala halikufika ukutani. Alishonwa, pakafumuka. Akashonwa tena, kovu likazidi ugumu.

"Misuli iliyokatwa haioti, mzee," daktari alisema. Hakuniita tena.

Binti yangu alikua na hamu moja tu, kufundisha. Alipodhani hatumwoni, aliisomesha migomba hesabu kule shambani. Lakini kwetu anayesemea puani huhesabiwa kuwa anajifanya Mzungu. Sokoni walimpigia kelele: "Kuja hapa, London! Nyanya ni bei ya Meru, si ya Ulaya!" Alicheka nao, akanunua, akarudi nyumbani.

Siku ya usaili wa chuo cha ualimu niliketi kwenye benchi nje, mlango ukiwa wazi.

"Binti, ulisomea ng'ambo?" mmoja wa wasaili aliuliza, na wenzake wakacheka.

"Hapana, mwalimu. Nilisomea Mikinduri."

"Basi punguza hiyo pua. Hapa tuko nyumbani."

Niliingia bila kubisha hodi, jambo ambalo sikulifanya hata mara moja katika utumishi wangu. Niliwaeleza kisu, misuli na kovu. Kicheko kilikatika, nami nikaamini kwamba haki imepatikana.

Mwenyekiti alivua miwani. "Pole sana, mzee wetu. Sisi tulidhani ni maringo, na maringo tungemtoa hapa hapa chuoni. Lakini kama ni mwili ulivyo... mtoto hujifunza kusoma kwa kuiga sauti ya mwalimu. Tutafanyaje?"

Binti yangu aliwashukuru, akanishika mkono, tukatoka.

Idara niliyoitumikia ilibandika mabango ya vyoo na ya mbu kila soko. La kilimi sikuliona, ingawa nililiomba kikao baada ya kikao. Mkata vilimi alikufa akiheshimiwa, na mwanawe amekirithi kisu.

Binti yangu yuko Maua sasa, anafunga miraa kwa majani ya mgomba, kazi isiyomdai mtu sauti. Akija nyumbani hunywa chai akiwa ameelekea ukutani, leso chini ya pua. Shambani, kwenye migomba, haendi tena.