Pazia Letu kwenye Dirisha la Jirani

Wengine walirudi kutoka Goma, ng'ambo ya mpaka, na masufuria. Mama yangu alirudi na pazia. Lilikuwa la lesi nyeupe, dantela kama tunavyoiita, na kwenye pembe moja alikuwa ameshona ua la uzi wa buluu kuficha tundu lililochomwa na pasi. Nyuma ya pazia hilo nilimaliza miaka ya tisini, nikiuchungulia mtaa wetu wa Gisenyi bila mtaa kunisumbua.

Pasaka ilipokaribia mama alilifua, akalianika uani, akaenda sokoni. Mimi nilibaki, maana kubaki ndiyo kazi niliyoiweza. Aliporudi, kamba ilikuwa tupu.

"Sha, we unalinda nyumba, ao nyumba ndiyo inakulinda we?"

Nikajitetea kwa elimu yangu ya sekondari: shuleni tulifundishwa kwamba umaskini huzaa wizi.

"Na sisi tuko masikini. We umeiba nini?"

"Usingizi, mama."

Baada ya sikukuu, jirani yetu alipokea wakwe. Alikuwa mjane, kila asubuhi akivusha mboga mpakani, na binti yake alikuwa anaposwa na kijana wa zile nyumba kubwa zinazotazama ziwa. Mama akaalikwa kukaa upande wa binti. Mimi nikakokotwa kubeba viti. Siku zote dirisha la jirani lilizibwa kwa katoni. Siku hiyo lilivaa dantela nyeupe, na pembeni ua la buluu.

Nikamtazama mama. Alikuwa ameshaliona. Jirani naye akaona kwamba tumeona, akawageukia wakwe na sinia lake la Fanta.

Shangazi wa kijana, mama wa vitenge vya bei, akalishika pazia kwa vidole viwili.

"Dantela ya hivi! Hapa Gisenyi mulitoa wapi?"

Neno moja tu, na posa ingefia palepale. Nani angeoa kwa mwizi?

"Mi nilimupa," mama akasema. "Ilitoka Goma. Angalia hii ua, nilishona mi mwenyewe." Akainuka, akalionyesha, tena kwa majivuno.

Nilibaki nimeshika kiti hewani kama mjinga, nikiwaza Mudende, kijijini kwa bibi yangu. Kule walikuwa maskini kutuzidi sisi, na mlango haukujua kufuli. Lakini wote walikula viazi vilevile, hakuna aliyekuja kumpima mwenzake. Jirani yetu alikuwa amelala na njaa mara nyingi, na hata kiazi chetu hakuwahi kukigusa. Mkono wake ulinyooka kuiba siku aliposikia kwamba watu wa ziwani watakuja kutazama dirisha lake. Na mimi nilidhani wizi unaanzia tumboni!

Asubuhi iliyofuata alikuja na pazia amelikunja ndani ya kitenge, macho chini.

"Mama, unisamehe."

Mama hakunyoosha mkono. "Mbele ya wakwe nilisema nilikupa. Sasa unataka nikuwe muongo?"

Jirani akacheka huku machozi yanamtoka, na akarudi nalo.

Dirisha letu tukaliziba kwa katoni. Katoni haichunguliki. Kwa hiyo, kama nilitaka kuuona mtaa, ilinibidi nitoke nje.