Siku Gitaa Lilipopanda Jukwaani

Siku hiyo bado naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa mengi ya ujana yameshanitoka. Ilikuwa Jumamosi mchana, ukumbi umejaa watu hapa Nakuru, nami nimesimama jukwaani, vidole kwenye kibodi. Nikabonyeza. Sauti haikutoka. Nikabonyeza tena, kimya.

Bendi yetu iliitwa Kinu. Tulipiga roki, lakini si ile ya magitaa. Yetu ilijengwa kwa kelele za mashine, na mimi ndiye niliyezitafuta. Nilikwenda Rongai nikarekodi mashine ya posho ikisaga mahindi. Nilikwenda kwa wapasua mbao. Nilisimama kando ya reli nikingoja mabehewa yagongane. Kelele hizo nilizikatakata kwa kompyuta mpaka zikawa mdundo, naye Wekesa, kiongozi wetu, akaimba juu yake. Wekesa alikuwa kama ndugu yangu. Mazoezi tulifanyia katika stoo ya mama yake, mjane wa mfanyakazi wa reli, mama asiyezipenda kelele zetu hata kidogo lakini aliyetupikia chai kila tulipokwenda.

Basi nikiwa nimeduwaa pale jukwaani, nikamwona Wekesa anajivika gitaa shingoni. Kijana mwingine nisiyemjua akatoka nyuma ya pazia na lake. Wakaanza wimbo wetu, ule niliouunda kwa mashine ya posho, na sauti ya mashine yenyewe haimo. Nikainama nyuma ya spika yangu. Waya ulikuwa umechomolewa, ukakunjwa vizuri na kufungwa, kama kitu kinachopelekwa stoo. Mtu alikuwa amekaa chini akaifanya kazi hiyo kwa utulivu.

Umewahi kufika kwenu, mwanangu, ukakuta kufuli jipya mlangoni? Nilihisi hivyo. Lakini kilichonishtua zaidi ni kwamba nywele zilinisimama. Watu waliozoea kutusikiliza wamekunja mikono walikuwa wanaruka. Wimbo wangu ulikuwa mtamu kuliko nilivyowahi kuusikia, na mimi simo.

Baadaye nilimkuta Wekesa nyuma ya ukumbi.

“Mbona hukuniambia?”

“Tulijua utakataa.”

“Mlijuaje, na hamkuniuliza?”

Akaangalia viatu vyake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini mpaka siku hiyo nilidhani wanasema habari za watu wengine.

Asubuhi yake nikaenda kuchukua vyombo vyangu. Mama Wekesa alikuwa uani akichagua maharagwe. Nikamweleza yote, nikingoja anionee huruma, na nikamalizia kwa kusema kwamba gitaa limeua bendi, tena ni upuzi mtupu.

“Huo wimbo uliusikia?” akaniuliza.

“Niliusikia.”

“Ulikuwa mbaya?”

Nilitaka kusema ndiyo. Mdomo ukakataa. “Ulikuwa mzuri, mama.”

Akaweka ungo chini. “Sasa gitaa unalitukania nini, Njoki? Gitaa halikuchomoa waya. Wimbo ni mzuri, na alichokufanyia mtoto wangu ni kibaya. Hayo ni mambo mawili. Ukiyachanganya, utauchukia muziki kwa sababu ya mtu, ama utanyamazia ubaya kwa sababu ya muziki. Na wewe ulikuwa umeanza.”

Nilishtuka, maana nilikuja kutetewa nikakemewa. Kabla sijajibu, akamwita Wekesa kutoka ndani, akamkalisha mbele yangu, akamwambia aseme.

“Niliogopa uso wako,” Wekesa akasema polepole. “Nikaona heri ujionee mwenyewe.”

“Mbele ya watu wote hao?”

Hapo akalia. Sikuwahi kumwona akilia. Mama yake hakumbembeleza. “Mficha uchi hazai,” akasema, akarudia maharagwe yake.

Nikamwambia Wekesa kwamba gitaa limefaa, waendelee nalo, ila mimi siwezi kupiga na watu wanaoniogopa kiasi hicho. Nikabeba vyombo vyangu. Iliniuma, sikufichi. Kinu wakaendelea na magitaa, wakapendwa mpaka Eldoret, na siku moja nilikwenda kuwasikiliza, nikasimama katikati ya watu nikapiga makofi kwa moyo wote. Mimi niligeukia kurekodi kwaya na waimbaji wengine, na ndiyo kazi iliyonilea mpaka leo. Wekesa analima viazi Keringet. Akiwa na jambo gumu linalonihusu, hunipigia simu kwanza.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu. Kubadilika si dhambi, hata mahindi ya mwaka jana si ya mwaka huu. Lakini ukitaka kubadilisha mlichojenga na mwenzako, mwambie ana kwa ana, mapema, hata akikasirika. Hasira ya mtu aliyeambiwa hupoa; ya mtu aliyeaibishwa hukaa. Na ukitendewa wewe, usikimbilie kuita kibaya kila kilicho mkononi mwa aliyekukosea. Tenganisha. Kizuri ukiite kizuri, kibaya ukiseme ni kibaya, kisha uamue pa kusimama.

Mungu akupe masikio ya kulitambua jema hata likija na aliyekuumiza, akupe na ulimi wa kusema gumu kabla halijawa jeraha. Na popote utakapokwenda, akupe wenzako wanaothubutu kukutazama usoni.