Nilimng'ata Daktari wa Meno

Aibu niliyoipata mimi siku ile, sijui kama yupo mwenzangu aliyewahi kuipata, maana kuna aibu za ndani ya nyumba zinaishia huko huko ndani, na kuna aibu ya kumng'ata mwanamume wa watu kidole mbele ya chumba kizima cha wagonjwa, buibui limenivuka na ushungi uko sakafuni, halafu ukasimama hapo hapo ukatangaza habari za kizazi chako kama mtu anayenadi samaki. Hiyo ndiyo yangu. Naisimulia mwenyewe kwa sababu walioisimulia kabla yangu wameitia chumvi mpaka ikawa nimekikata kidole cha watu na kukimeza (kidole kilibaki pale pale, kilivimba tu).

Miaka hiyo madaktari wenye kliniki zao binafsi walikuwa bado wapo Dar es Salaam, kabla kliniki hizo hazijafungwa, na mimi nilikuwa mke wa Athumani, mfanyabiashara wa mbata, zile nazi kavu, hapa Bagamoyo, tumeoana miaka kadhaa na mtoto hatuna. Si kwamba sikuwa nashika mimba, nilikuwa nashika vizuri tu, ila zikifika mwezi wa tano zinatoka, bila homa, bila kuanguka, bila sababu yoyote ya kumwambia mtu. Zilikuwa zimetoka tatu. Mama mkwe wangu alikuwa na jibu lake, kijicho cha watu, basi akaninywesha kombe la aya za Kurani, akanifunga hirizi kiunoni, akanikataza kulitamka neno mimba mbele ya kiumbe yeyote, na ile ya nne iliposhika akaniambia wazi kwamba hii nayo ikitoka atamtafutia mwanawe mke mwingine, na binti mwenyewe akanitajia, wa Kaole, mwenye nyonga pana (hilo la nyonga alilisema huku akizitazama zangu).

Kombe nililinywa, sikatai, maneno ya Mungu hayana ubaya. Lakini nilikuwa nalinywa na kuzika, nalinywa na kuzika, nikaona hapana, kuna kitu kingine hapa. Kwa mganga wa hospitali ya hapa kwetu sikuweza kwenda kwa sababu mkewe alikuwa akisuka mikeka na mama mkwe kila jioni. Shoga yangu mmoja aliyeolewa Ilala ndiye aliyenieleza kwamba kuna daktari wa Kihindi, mwanamke, ana kliniki yake mwenyewe mitaa ya Uhindini, na kazi yake ni kina mama tu, mimba na kizazi, kingine hagusi. Akaniambia nikishuka mjini nimuulize mtu yeyote. Yeye anaona wepesi. Mimi niliyelelewa hata siku zangu za mwezi nisizitaje kwa jina lake, nimsimamishe mwanamume njiani nimuulize anakaa wapi daktari wa kizazi.

Athumani alikuwa amekwenda Pangani kununua mbata. Nikamwambia mama mkwe nakwenda Magomeni kumtazama shangazi yangu anayeumwa miguu, akaniruhusu, nikapanda basi la asubuhi, na mtu wa kwanza kumwona humo ndani ni Bi Kidawa, jirani yetu, mke wa mwenye duka la vitambaa, mama mwema asiye na kinyongo na mtu, ila ukimpa habari asubuhi, kabla ya adhuhuri imeshafika Mkange. Nikampa shikamoo yake, akaitika, marahaba mwanangu, akaniuliza naelekea wapi. Shangazi nisingeweza kumtaja kwa sababu yeye Bi Kidawa kazaliwa Magomeni na shangazi yangu wamecheza pamoja, angetaka tufuatane mpaka mlangoni. Nikajishika shavu.

"Jino," nikasema. "Nakwenda kung'oa jino."

Ningesema nakwenda kununua nyuzi yote yangeishia hapo. Kumbe Bi Kidawa ana daktari wake wa meno, mtu hodari, amemng'oa yeye na mumewe na mama yake, na hawezi kuniacha nitangetange mjini na maumivu, atanifikisha mwenyewe kisha ndiyo aende kwenye shughuli zake. Basi zima likaingia katika jino langu. Mmoja akasema nibane karafuu, mwingine akasema nisukutue kwa maji ya chumvi, utingo akataka kujua ni la juu au la chini (nikamwambia la juu, baadaye nikamwambia mwingine la chini), na kwa kuwa barabara ile ilikuwa na mashimo na mimi nimeshajitia mgonjwa, ikabidi nigune kila shimo kutoka Bagamoyo mpaka Dar es Salaam.

Tulipofika nilijaribu kujinasua. Nikasema naona limetulia. Bi Kidawa akaniambia jino linatulia ukiliogopesha, likirudi linarudi na nduguze, akanishika mkono wala hakuniachia mpaka kwa daktari. Chumba cha kungojea kimejaa. Akawaambia watu kwamba mwanawe huyu hajalala wiki nzima, wamhurumie wampishe, na mama mmoja wa Kihindi aliyefunga shavu kwa leso, shavu limevimba kama kitumbua, akanipisha yeye aliyekuwa anaumwa kweli. Hapo roho ilinisuta, lakini nimeshasimamishwa, nimeshasukumwa, nimeshakalishwa kwenye kile kiti kinacholalia nyuma.

Daktari alikuwa mzee wa Kihindi mpole, mikono yake inanukia spiriti. Akaniuliza lipi. Nikamwonyesha moja, akaligonga kwa kichuma, akasema hili zima. Nikamwonyesha jingine, akasema hili pia zima. Bi Kidawa akamwambia kutoka mlangoni aling'oe tu, mimi nina haya hata ya kulia. Yule mzee akachungulia chungulia akakuta jino la nyuma lina doa jeusi (doa hilo ninalo mpaka leo na halijanisumbua), akaridhika kwamba mkosaji ndiye huyu, akageuka akachukua sindano akaanza kuivuta dawa.

Nikaitazama ile sindano. Nikawaza, dawa hii itaingia mwilini mwangu, na mimi si peke yangu ndani ya mwili huu. Nikataka kusema hapana, lakini kidole chake kilikuwa kimeshaingia kunivutia shavu, basi badala ya neno kutoka, mdomo ukafunga.

Yule mzee alipiga ukelele, sinia la vyuma likaanguka, na watu wote waliokuwa wanangojea wakawa mlangoni. Nikaruka kutoka kwenye kiti, nikakanyaga buibui langu mwenyewe likanivuka, wanaume wawili wakanidaka mikono, na Bi Kidawa tayari kashaanza kunisomea, anauliza kama yupo mwenye ubani, eti nimepandwa na shetani. Pale ndipo nilipochoka. Nilichoka na jino, nikachoka na shangazi, nikachoka kufunga mdomo.

"Niachieni," nikasema. "Sina shetani na sina jino. Nina mimba. Zimeshanitoka tatu na hii sitaki itoke. Namtafuta daktari wa wanawake, nimeona haya kuuliza, ndiyo maana niko hapa."

Wale wanaume wakaniachia mikono kama waliogusa chungu cha moto, mmoja akainamisha uso utadhani mimba ni yake. Bi Kidawa alijiziba mdomo kwa kiganja. Ni yule mama mwenye shavu aliyesogea, akafungua leso ili aweze kutamka, akasema kwa tabu, "Mimi najua kwake. Mtaa wa pili. Watoto wangu wote yeye kazalisha. Twende." Akaacha zamu yake, akaniokotea ushungi wangu. Nikamwomba radhi yule daktari, naye akanipungia mkono ulio mzima niende zangu.

Daktari wa wanawake alikuwa mfupi, mvi zimeanza, sauti yake ya chini. Aliniuliza mambo ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza: huwa uchungu unatangulia au maji yanatangulia, mtoto anatoka upesi au anakawia. Akanipima nyuma ya pazia. Kisha akakaa mbele yangu akanieleza kwamba mlango wangu wa kizazi ni dhaifu, mimba ikianza kuwa nzito unafunguka wenyewe kabla ya wakati, na kwamba unaweza kushonwa kwa uzi, kama unavyofunga mdomo wa mfuko, ukafunguliwa siku zikikaribia. Hakuniahidi kitu, alisema wengine inawafaa na wengine haiwafai. Nirudi wiki ijayo na mume wangu. Nikalia pale pale kwake, wala si kwa huzuni, kwa hasira, kwamba watoto watatu nimewazika kwa ajili ya mlango, na mimi nafungwa hirizi.

Bi Kidawa alitangulia na basi la mapema. Niliposhuka Bagamoyo alasiri, barazani watu wakageuza shingo nikipita, na watoto wawili wakanifuata nyuma wakining'atia hewa. Nyumbani nikamkuta mama mkwe amekaa na kaka yake mkubwa, na Athumani kesharudi kutoka Pangani, kanzu yake ingali na vumbi.

"Umeitangaza mbele ya wanaume usiowajua," mama mkwe akasema. "Mjukuu wangu umemuua kwa mdomo wako."

Nilikuwa sijawahi kumjibu mama yule. Nilimpigia magoti kumwamkia kila asubuhi tangu niolewe. Siku ile nilibaki nimesimama.

"Hao waliokufa, mama, wamekufa nimefunga mdomo," nikamwambia. "Huyu nitamsema mpaka azaliwe. Wiki ijayo nakwenda kushonwa. Mume wangu akifuatana nami, nitashukuru. Asipotaka nakwenda peke yangu, na njiani atakayeniuliza nitamjibu."

Mjomba akakohoa. Athumani alikung'uta vumbi la kanzu yake, nami namtazama mikono tu, kwa sababu maneno nilikuwa nimeyamaliza na yule binti wa Kaole bado yupo.

"Basi linaondoka saa ngapi?" akauliza.

Nikashonwa, nikalazwa, nikarudi nikalala kitandani miezi miguu imeinuliwa juu ya mito, huku mama mkwe akipita mlangoni bila kuniangalia, lakini uji akileta. Akazaliwa mtoto wa kike, mwenye sauti. Na tangu hapo wanawake wakawa wananijia kwa mlango wa uani, mmoja mmoja, wananong'ona, yule daktari wako anakaa wapi. Nikaapa, jambo la mwili wangu sitalipa tena jina la uongo, na anayetaka nimwelekeze kwa daktari wa kizazi aulize kwa jina lake, anayenong'ona simsikii. Wakaniita mkavu wa macho. Waniite tu.

Wa mwisho kuja alikuwa mama mkwe mwenyewe. Alikaa ukingoni mwa kitanda akakunja pindo la khanga yake, akakunjua, akaanza habari za wifi yangu aliyeolewa Pangani, kwamba miaka inakwenda na maneno ya watu yameanza, na kwamba labda yule mama wa Kihindi, yule wa mambo yale.

"Mambo gani, mama?" nikamuuliza. Nilikuwa nanyonyesha.

Akautazama mlango, akanitazama mimi, akamtazama mtoto. "Daktari wa kizazi," akasema chini chini.

Nikamwambia sikusikia vizuri. Najua wapo watakaosema nilimkosea adabu mzazi, na waseme. Akasema tena, safari hii kwa sauti iliyofika barazani, mpita njia akageuka, nami nikaitika labeka mama, nikamweka mtoto mgongoni, nikainuka kuvaa buibui nimpeleke kwa daktari akamsemee binti yake.