Bunduki ya Bwana

Juzi stesheni niliona kijana akikabidhi bunduki yake ya michezo huku akitafuna chingamu, nikamkumbuka baba.

Nilipokuwa mtoto, enzi za ukoloni, bwana wake, mzungu wa shamba, alimtuma apeleke bunduki ya kuwindia kanga kwenye behewa la mizigo pale Nakuru. Haikuwa na risasi, ilinuka mafuta. Nilimfuata kwa maringo, nikidhani watu wanatupisha kwa heshima.

"Simama!" askari akafoka.

Baba akaweka mfuko wa bunduki chini, akainua mikono kabla hajaambiwa. Niliona haya.

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu, afande."

Bwana alikuja akasema ni yake, wakamwachilia. Sikujua kwamba siku zile Mwafrika aliweza kunyongwa kwa kushikwa na bunduki. Nilijua tu kwamba baba amenikana.

Ndani ya gari moshi alinitafuta mkono. Niliuficha ndani ya sweta mpaka Gilgil.