Uti wa Kalenga Haukukatika

Mficha maradhi kifo humuumbua, na Kalenga alikuwa bingwa wa kuficha. Alisukuma baiskeli ya makala, yaani magunia ya makaa ya kuuza, kutoka porini, kupita Kambove, hadi Likasi huku kiuno kikimwaka moto, na akiulizwa alisema ni uchovu tu. Dawa yake ilikuwa ile ya wasukumaji wote: alichana mpira wa ndani wa gurudumu, akajifunga nao kiunoni hadi akapumua kwa shida.

Siku maumivu yaliposhuka kutoka kiunoni mpaka kidole cha mguu, alianguka kitandani. Bertin, msukumaji mwenzake, akaja kumtazama, na kwa huruma zake zote akamwambia kwamba uti wa mgongo umekatika, akijitikisa tu, kwisha habari. Kalenga akaamini. Akalala juu ya ubao bila kugeuka. Kilichomuumiza zaidi ni Bénie, kitinda mimba wake, aliyekuja kila asubuhi kunyoosha mikono abebwe. Baba mtu aligeuza uso ukutani, akihofu kwamba hatambeba tena maishani.

Henriette, mkewe, hakuwa mtu wa kulia pembeni. Alimpakia mumewe kwenye baiskeli ileile ya makala, akamsukuma hadi hospitali. Waliotaka kucheka walicheka.

Mama Laure, mtaalamu wa viungo, alimpima miguu, kisha akamwomba aoneshe anavyosukuma baiskeli yake. Kalenga akajikongoja, akasimama kushoto mwa baiskeli, kama wenzake wote, maana kulia kuna mnyororo na grisi. Miaka yote hiyo mwili ulipinda upande mmoja chini ya mzigo. Laure akampitishia vidole mgongoni, akamweleza kwamba uti si fimbo moja. Ni pingili zilizopangana, na kati yake kuna visahani laini kama raba. Kimoja kimetokeza, kikabana mshipa wa fahamu uendao mguuni. Madaktari huita maumivu hayo siyatiki.

"Papa Kalenga, mugongo yako haikukatika," alisema. "Kulala njo kunaiharibu. Utembee kila siku, kidogo kidogo. Na baiskeli, leo sukuma huku, kesho sukuma kule."

"Na mutoto? Minye nitamubeba tena?"

"Utamubeba. Lakini hapana leo."

Kalenga alilia mbele ya watu, wala hakuona haya. Tangu hapo alitembea kila asubuhi, Henriette nyuma yake akimkaripia asikunje uso, naye akimshukuru Mungu kwa makaripio hayo.

Jumapili moja baada ya misa, Laure alipokwisha kumruhusu kubeba, Kalenga alipiga goti mbele ya Bénie. Mtoto hakunyoosha mikono. Alikuwa ameshazoea kutobebwa. Ilibidi baba amwombe. Bénie akamtazama mama yake kwanza, kisha akamkumbatia baba shingoni, na Kalenga akainuka polepole kwa nguvu za miguu. Watu wa kanisani walitaka kumpokea mtoto, asije akamwumiza mgonjwa. Aliwakatalia wote, akambeba mpaka nyumbani.